Wanafunzi wa West Virginia walivyozipigania kozi za lugha: tatizo lilianzia kwenye hesabu

Msafiri_Mwanza (mleta uzi)

Wakuu, habari za wakati huu.

Kila ikiletwa humu mada ya "kozi zisizo na soko zifutwe", huwa nakumbuka kilichotokea Marekani mwaka 2023. Leo nimeamua kukianzishia uzi wake. Hoja walizotoa wakubwa wa kule ndizo hizihizi tunazozisikia huku kwetu, na wanafunzi na wahadhiri wa kule walizijibu kwa maandamano na kwa takwimu. Uzi ni mrefu, mniwie radhi.

Chuo chenyewe ni West Virginia University, kipo mji wa Morgantown. Ni chuo cha umma kilichoanzishwa 1867, zao la ile sheria ya 1862 iliyoyapa majimbo ardhi ili yaanzishe vyuo vya watoto wa wakulima na wafanyakazi. Sheria hiyo ilitaka vyuo hivyo vifundishe kilimo na ufundi, na ikasema wazi kwamba masomo mengine ya kisayansi na ya lugha za kale yasiachwe nje. West Virginia ni jimbo la milima na makaa ya mawe, na ni miongoni mwa majimbo maskini kule Marekani. Mtoto wa mchimba makaa akifaulu, hicho ndicho chuo kikubwa ambacho mfuko wa mzazi wake unaweza kukifikia.

Sasa Agosti 2023 uongozi ukatangaza kwamba chuo kina nakisi ya dola milioni 45. Kampuni ya washauri ilikuwa imeajiriwa kusaidia kupitia kozi, na mapendekezo yakatoka: kozi 32 kati ya 338 zifutwe na nafasi 169 za wahadhiri ziondolewe. Idara ya lugha za dunia ilipendekezwa ifutwe yote: Kifaransa, Kihispania, Kijerumani, Kirusi, Kichina, pamoja na shahada za uzamili za isimu na za kufundisha Kiingereza kwa wageni. Sharti la mwanafunzi kusoma lugha ya kigeni nalo lifutwe. Anayetaka lugha atafutiwe utaratibu mwingine, na uongozi ukataja uwezekano wa kushirikiana na programu ya lugha ya mtandaoni au kununua vipindi vya mtandaoni kutoka chuo kingine.

Hapa kwenye hesabu ndipo ninapotaka tukae kidogo.

Uongozi ulisema wanaosoma shahada za lugha ni wachache na wanapungua. Kwa idadi ya waliojisajili kuchukua shahada yenyewe, ni kweli walikuwa wachache. Lakini idara ya lugha haiishi kwa hao peke yao. Inaishi kwa mtoto wa biashara anayesoma Kihispania mihula miwili, kwa mtoto wa uhandisi anayeongeza Kijerumani kwa sababu anataka kwenda kufanya kazi Stuttgart, kwa wa uhusiano wa kimataifa anayehitaji Kirusi. Wote hao wanalipa ada, wanajaza viti, wanasahihishiwa kazi na wahadhiri walewale, ila kwenye jedwali la "wanafunzi wa idara" majina yao hayaonekani. Fikirieni pale Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, mtu aamue kufunga DS (taaluma za maendeleo) kwa kuhesabu waliokwenda kuchukua shahada ya DS, asiwahesabu maelfu wanaoisoma kama somo la lazima.

Wahadhiri wa idara ile walisema hadharani kwamba idara yao ilikuwa inaingiza fedha kuliko inazotumia. Na inaeleweka. Mwalimu wa lugha hahitaji maabara wala mashine. Anahitaji chumba, ubao na watu ishirini, na mshahara wake kwa kawaida ni wa chini ukilinganisha na fani nyingine. Ukiondoa sharti la lugha, hao ishirini wanapungua, na mwaka unaofuata unakuja na takwimu mpya kuthibitisha kwamba "hakuna uhitaji".

Upande wa pili wa hesabu ni serikali ya jimbo. West Virginia ilifunga mwaka wa fedha Juni 2023 ikiwa na ziada ya dola bilioni 1.8. Agosti hiyohiyo bunge la jimbo lilikaa kikao maalumu na kupitisha dola milioni 45 kwa chuo kingine cha umma, Marshall, kwa ajili ya kituo cha usalama wa mitandao. Ni kiasi kilekile cha nakisi ya Morgantown. Sina ugomvi na Marshall kupewa kituo. Ninachosema ni kwamba fedha zilikuwepo, na kuna watu walikaa wakachagua ziende wapi. Halafu vijana wakaambiwa kozi zao zinafutwa kwa sababu ya "hali halisi".

Rais wa chuo, Gordon Gee, huko nyuma aliwahi kuzungumzia lengo la kufikisha wanafunzi 40,000 ifikapo 2020. Idadi haikupanda, ilishuka. Makadirio ya mkubwa yalipokosea, wa kwanza kutajwa kwenye orodha ya kuondoka akawa mwalimu wa Kirusi.

Tarehe 21 Agosti, muhula ukiwa ndiyo kwanza umeanza, mamia ya wanafunzi wakatoka madarasani mchana. Chama cha wanafunzi cha West Virginia United Students' Union ndicho kilichoratibu. Walikusanyika sehemu mbili: mbele ya jengo la wanafunzi liitwalo Mountainlair, na kampasi ya Evansdale upande wa pili wa mji. Wengi walivaa nyekundu, wengine wamefunga vitambaa vyekundu shingoni. Kule kitambaa hicho kinabeba historia. Mwaka 1921 wachimba makaa wapatao 10,000 walipanda mlima Blair kupigania haki ya kuwa na chama, wakiwa wamefunga vitambaa hivyohivyo. Walimu wa shule za jimbo walivivaa tena kwenye mgomo wao wa 2018. Kwa hiyo mtoto wa chuo aliyekifunga 2023 alikuwa anawaambia wakubwa: mimi ni wa hapa, babu yangu alichimba hapa, na mimi nataka kusoma Kifaransa hapahapa.

Hilo ndilo lililonigusa kuliko yote. Kuna dhana kwamba lugha za kigeni ni za watoto wa wenye nazo. Ukizifuta kwenye chuo cha umma, hujazifuta kwa tajiri. Yeye atakwenda chuo binafsi cha pwani ya mashariki na atazisoma. Umezifuta kwa yule asiye na pa kwenda.

Tarehe 6 Septemba wahadhiri wakampigia Gee kura ya kutokuwa na imani: 797 dhidi ya 100. Tarehe 15 Septemba bodi ya chuo ikakaa, wanafunzi wakiwa mlemle ukumbini wakipaza sauti, na ikapitisha kufutwa kozi 28 na nafasi 143 za wahadhiri. Shahada zote za lugha zikaenda. Kilichosalia ni wahadhiri wachache wa Kihispania na Kichina. Hata uzamili na uzamivu wa hisabati vilifutwa, kwa hiyo anayedhani panga lilikata sanaa tu, ajue halikuchagua.

Karibuni tujadili.

---

Hoja_Nzito

Mkuu mleta uzi, umeandika vizuri ila umeegemea upande mmoja. Wanafunzi wa lugha wamepungua Marekani nzima, siyo hapo tu. Kijana wa leo ana simu inayomtafsiria papo hapo. Chuo kikiwa hakina hela kiendelee kumlipa mhadhiri wa Kijerumani mwenye wanafunzi watano? Mimi nina watoto wawili chuoni, ada natoa mfukoni. Nataka wasome kitu kitakachowalisha.

---

Msafiri_Mwanza

Mkuu Hoja_Nzito, nakuheshimu na hoja yako siikimbii. Kupungua ni kweli. Chama cha wanazuoni wa lugha cha Marekani, MLA, kilihesabu na kukuta walioandikishwa kwenye lugha zisizo Kiingereza walipungua asilimia 16.6 kati ya 2016 na 2021. Ni anguko kubwa na sitalificha.

Lakini soma namba zilezile hadi mwisho. Kikorea kilipanda asilimia 38 ndani ya miaka hiyohiyo. Vijana waliokuwa wanasikiliza muziki wa Seoul na kuangalia tamthilia zake walikuwa na simu za kutafsiri mikononi, na bado wakaenda darasani kujisajili. Mtu akipenda watu wa lugha fulani hataki kuwasikia kupitia mashine.

Kuhusu mhadhiri mwenye wanafunzi watano, ndiyo maana nimekazana na hesabu. Mara nyingi ana watano wa shahada na themanini wa madarasa ya mwanzo. Wewe unaonyeshwa wale watano. Kama kweli ana watano peke yao, tukae tuzungumze namna ya kuunganisha kozi, kugawana walimu na chuo jirani, kuna njia. Kule Morgantown hawakuanzia huko. Walianza na pendekezo la kufuta idara nzima, na wiki chache baadaye kura ikapigwa.

---

Kijana_wa_Eldoret

Naunga mkono hoja, na nina la kuongeza maana nimekaa ndani ya hiyo jikoni.

Nilikwenda Marekani kupitia mpango wa Fulbright wa wasaidizi wa kufundisha lugha, nikafundisha Kiswahili chuo kimoja ambacho sitakitaja. Kila muhula ukianza kulikuwa na idadi ya chini ya wanafunzi inayotakiwa ili darasa lifunguliwe. Wiki ya usajili mimi na profesa tulikuwa tunafungua kompyuta asubuhi na jioni kuangalia kama imefika. Isipofika, darasa linafutwa kimya kimya na wale waliojiandikisha wanaandikiwa barua pepe wachague somo lingine. Hakuna anayeandamana hapo, hakuna habari gazetini. Lugha zetu za Kiafrika kule zinakufa hivyo.

Na mjue nani alikuwa darasani kwangu. Kulikuwa na dada mmoja wa uuguzi. Alijitolea kwenye zahanati ya mtaa wenye wakimbizi kutoka Kongo, watu wa Kivu na Katanga, na akina mama wale Kiingereza hawajui. Alikuwa akinifuata baada ya kipindi na daftari lake tunafanya mazoezi: maumivu yalianza lini, yanakuja na kuondoka au yanakaa, mtoto ananyonya vizuri? Alikuwa akirudia sentensi moja mpaka iteleze, kwa sababu, alivyoniambia, mama akiona unasoma kwenye simu anakunyamazia. Kwenye takwimu za chuo huyo dada anahesabiwa uuguzi. Kwenye takwimu za Kiswahili hayupo.

---

BintMkunazini

Assalaam alaykum wanajukwaa. Kaka wa Eldoret umenena.

Mimi ni wa Unguja. Nyumbani kwetu tumekuwa tukipokea wageni wanaokuja kusoma Kiswahili SUZA, chuo kikuu cha taifa cha hapa Zanzibar, hasa miezi ya kiangazi chao. Wengi wa Kimarekani walikuwa wanakuja kwa ule ufadhili wa serikali yao unaoitwa FLAS. Wanakuja wakiwa wamesoma mwaka au miwili kwao, wanazungumza kama kitabu, na wanaondoka wanajua kubishana na muuza samaki. Kuna mmoja, mwanafunzi wa historia, mama alimkalisha kwenye mbuzi akune nazi, na kila akikosea sentensi mama anamwambia sema tena, huku mkono unakuna. Alikaa pale mpaka nazi ikaisha na sentensi ikanyooka. Leo anafanya utafiti wa nyaraka za Zanzibar na anawasiliana na mama kwa sauti za WhatsApp, kwa Kiswahili kitupu.

Septemba 2025 serikali yao ikasitisha fedha za mpango huo. Sasa wanaoumia si wao tu. Kuna walimu wa hapa waliokuwa wanategemea yale madarasa, kuna nyumba zilizokuwa zinapata riziki. Mtu akifuta kozi ya lugha kule Marekani, huku visiwani kuna chumba kinakaa kitupu.

---

Msafiri_Mwanza

Waalaykum salaam dada BintMkunazini. Umegusa sehemu ambayo sikuiandika.

Niongezee kwenye hilo la fedha za serikali. Mpango ule ulizaliwa na sheria ya ulinzi wa taifa kupitia elimu ya 1958, mwaka mmoja baada ya Wasovieti kurusha Sputnik, satelaiti ya kwanza duniani. Marekani iligundua kwamba haina watu wa kutosha wanaojua lugha za dunia, Kiswahili kikiwemo, ikaanza kulipia vituo vyuoni. Yaani walioanzisha walikuwa watu wa ulinzi, wala siyo washairi. Kwa zaidi ya miaka sitini wakaona ni lazima ilipiwe, maana darasa la lugha isiyo na wanafunzi wengi halitajilipia lenyewe, na siku ya kuhitajika huwezi kumtengeneza mtaalamu kwa mwezi mmoja.

---

Mswahili_Leiden

Wakuu, na huku Uholanzi mambo ni hayohayo. Mwaka 2024 serikali ilitangaza kupunguza kiasi cha yuro bilioni moja kwenye elimu ya juu na utafiti. Chuo kikuu cha Utrecht wakasema watafunga shahada za kwanza za Kifaransa, Kijerumani, Kiitaliano, Kikeltiki na Kiarabu, pamoja na taaluma za dini. Kwetu Leiden, ambako Kiswahili kimefundishwa miaka mingi, panga likaelekezwa kwenye shahada za kwanza za taaluma za Afrika na za Amerika ya Kusini.

Tarehe 25 Novemba 2024 tulijazana The Hague kwenye uwanja wa Malieveld, wanafunzi na maprofesa pamoja, maelfu kwa maelfu. Baridi ilikuwa kali. Bunge likapunguza baadhi ya makato, siyo yote.

---

Hoja_Nzito

Nimewasoma wote. Kaka wa Eldoret, hilo la muuguzi limenifikirisha kweli, kwa sababu binti yangu mmoja yupo uuguzi. Lakini swali langu linabaki. Wanafunzi wa West Virginia walivaa nyekundu, walipiga kelele, wahadhiri wakapiga kura 797, na bodi ikapitisha. Walipata nini?

---

Msafiri_Mwanza

Swali la haki, mkuu.

Wenyewe walipata kidogo. Pendekezo la kwanza lilikuwa kozi 32 na nafasi 169, ikapita 28 na 143. Kuna kozi ziliokoka kwenye rufaa, kwa mfano uzamili wa uandishi wa kubuni. Lugha zilibakiziwa wale wahadhiri wachache badala ya kutobakia hata mmoja. Waliokuwa katikati ya shahada waliachwa wamalize. Gee aliondoka kwenye urais 2025 na shahada zile hazikurudi. Sitawapamba, walishindwa kwenye jambo kuu.

Lakini angalia kwingine. Mwishoni mwa mwaka huohuo wa 2023 chuo cha Aberdeen, Scotland, kilitaka kubana lugha, Kigaeli kikiwemo, na hapo ni chuo cha tangu 1495. Wanafunzi na walimu wakasimama, na Desemba chuo kikaamua kubakiza shahada za lugha zinazochanganywa na somo lingine, kikaondoa zile za lugha peke yake. Chuo cha Cardiff, Wales, Januari 2025, walipendekeza kufunga lugha za kisasa zote pamoja na hata uuguzi, mkuu, uuguzi wa binti yako. Baada ya miezi ya kelele, uuguzi ukabaki na lugha zikabaki kwa udogo.

Mimi siamini kwamba kelele zote ni bure. Naamini zikianza mapema, kabla jedwali halijafika mezani kwa bodi, zinabadilisha kitu. Morgantown walipewa takriban mwezi mmoja tu kati ya tangazo na kura.

---

Mwanachuo_Kifaransa

Shikamooni wakubwa. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa pili hapa nchini, nasoma Kifaransa na Kiswahili. Nimesoma uzi huu wote kwa makini kwa sababu kuna minong'ono kwetu kwamba baadhi ya kozi za lugha "zitaunganishwa". Hakuna barua, hakuna tangazo. Darasani kwetu tupo wachache, na wenzangu wameshaanza kuambiana bora wahame. Nawaomba ushauri, sisi tuanzie wapi?

---

Kijana_wa_Eldoret

Marahaba dada. Msihame kwanza. Mkihama mnatengeneza ile takwimu yenyewe.

Zungumzeni na walimu wenu taratibu, bila kuwatia matatani. Wao ndio wanajua madarasa yapi ya fani nyingine wanayafundisha.

---

Msafiri_Mwanza

Marahaba mdogo wangu. Nakazia alichosema kaka wa Eldoret.

La kwanza, andikeni barua rasmi kupitia serikali ya wanafunzi, kwa heshima, mkiomba kujua kama kuna pendekezo lolote na litapitia vikao gani: idara, kitivo, seneti, baraza. Tarehe za vikao ndizo muhimu kuliko mabango. Mkijua kikao kinakaa lini, mnajua mna muda gani.

La pili, tengenezeni hesabu yenu. Nendeni kila darasa la lugha mkaorodheshe idadi ya waliokaa mle na fani wanazotoka: utalii, uhusiano wa kimataifa, sheria, ualimu, uandishi wa habari. Msiandike majina, idadi na fani vinatosha. Ongezeni waliohitimu na wanachofanya sasa. Tafuteni wanaofanya kazi Bujumbura, Goma, Arusha kwenye mahakama ya Afrika, kwenye mahoteli, kwenye mashirika. Waandike aya moja moja.

La tatu, tafuteni wenzenu wa nje ya lugha wasimame nanyi. Mwanafunzi wa utalii akisema "mimi nahitaji Kifaransa hiki ili niajiriwe", inabeba uzito kuliko ninyi ishirini mkisema hivyohivyo.

Ukishaandika barua ya kwanza, ilete hapa bila kutaja chuo, tuipitie pamoja.

---

Hoja_Nzito

Binti, barua ikiwa tayari na mimi nitaipitia. Nimekaa kwenye mabodi miaka mingi, najua ukurasa gani wanausoma na upi wanauruka. Jedwali la wanafunzi kwa fani liwekeni ukurasa wa kwanza.

---

Mwanachuo_Kifaransa

Asanteni sana wakubwa zangu. Kesho tuna kipindi cha sarufi asubuhi na wenzetu wa utalii huwa wanakuja kipindi cha mchana chumba hichohicho. Tutaanza kuhesabu hapo.